Ghala Lisilo na Mlango na Walinzi Wake



Katika mji wa Goma, kando ya Ziwa Kivu, wakazi wana neno moja la kuogopwa: mazuku. Hayo ni mashimo na mabonde madogo katika ardhi ya mawe ya volkano, ambamo hewa ukaa itokayo chini ya ardhi hutuama wakati pasipo na upepo. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo haipandi juu ikatoweka kama moshi, bali hujaa bondeni kama maji yajaavyo bakulini. Mbuzi akishuka humo harudi, na mtoto anayemfuata mbuzi huyo naye yumo hatarini. Huko Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitapika hewa ya namna hiyo hiyo. Iliteremka mabondeni ikaua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao, wengi wao wakiwa usingizini.

Mtu ayajuaye hayo ana haki ya kushtuka aambiwapo kwamba wako wataalamu ambao kazi yao ni kuishughulikia hewa hiyo hiyo ikisukumwa ardhini kwa makusudi, kwa mamilioni ya tani, na kisha kuiangalia isitoke. Swali la kwanza la mwananchi ni hili: je, itakaa? Swali la pili, ambalo kwa mtumishi wa umma ni zito kuliko la kwanza, ni hili: ikiwa haikukaa, nani atajua, na akishajua atasikilizwa? Mazungumzo haya yanahusu swali hilo la pili.

Sababu ya kuizika hewa ukaa haihitaji maneno mengi. Makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa duniani hutoa zaidi ya tani bilioni 37 za hewa hiyo kwa mwaka, nayo ndiyo inayoizidishia dunia joto. Kinachozikwa mpaka sasa ni makumi ya mamilioni ya tani tu kwa mwaka. Wapo wasemao kwamba kiasi hicho kidogo kinatumiwa na makampuni ya mafuta kama kanzu safi ya kufunikia nguo chafu, na madai hayo si ya kupuuzwa. Lakini hata yule anayeamini kwamba dawa ya kweli ni kuacha kuchoma, hana budi kukiri kwamba kiwanda cha saruji, kwa mfano, hutoa hewa ukaa kutoka katika mawe ya chokaa yenyewe yanapookwa, mbali na ile ya makaa yanayoyaoka. Nchini Norway, hewa ukaa ya kiwanda cha saruji cha Brevik ilianza kuzikwa chini ya Bahari ya Kaskazini mwaka 2025. Kazi hii basi ipo, na huenda ikaongezeka. Kwa hiyo yafaa kujua inalindwaje.

Watu wengi wasikiapo habari ya ghala la chini ya ardhi huona akilini pango kubwa lililojaa hewa. Sivyo. Ghala hilo ni mwamba. Ni mchanga wa kale uliogandamana kuwa jiwe, na baina ya chembe zake mna vinyweleo vidogo vilivyojaa maji ya chumvi. Hewa ukaa husukumwa kwa kisima mpaka kwenye vinyweleo hivyo, ikayasogeza maji na kukaa mahali pake. Ikizidi kina cha mita 800 hivi, joto huwa limepita nyuzi 31 na mgandamizo umepita mara 73 ya ule wa hewa ya juu ya ardhi, na hapo hewa ukaa hubanana ikawa nzito karibu kama kimiminika. Hata hivyo bado ni nyepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo daima hutafuta njia ya kupanda. Kinachoizuia ni tabaka la juu yake, la udongo wa kale uliogeuka jiwe, ambalo vinyweleo vyake ni vyembamba mno hata hewa haipenyi. Tabaka hilo ndilo kifuniko.

Maumbile yenyewe yana maghala ya kila namna. Huko New Mexico, Marekani, liko eneo liitwalo Bravo Dome ambamo hewa ukaa ya asili imekaa miambani kwa zaidi ya miaka milioni moja. Wilayani Rungwe, kwa upande mwingine, hewa ukaa ya asili hutoka ardhini, na hukusanywa ikauzwa kwa viwanda vya vinywaji. Mwamba mmoja hutunza na mwingine huvuja. Kuangalia tu kwa macho hakutoshi kuutambua mmoja na mwingine.

Hapo ndipo wanapohitajiwa wataalamu wa jiofizikia, yaani wale wanaoipima ardhi kwa kutumia kanuni za fizikia. Kila mtumishi anamjua mtunza bohari. Mwisho wa mwaka mtunza bohari hufungua mlango, huhesabu magunia, hulinganisha na leja, na pengo likionekana hutakiwa aeleze. Mtaalamu huyu ni mtunza bohari ambaye bohari lake halina mlango. Mali iliyomo haionekani, husogea yenyewe, na iko chini ya kilomita moja au mbili za mawe. Hata hivyo anatakiwa atoe hesabu.

Silaha yake ya kwanza ni sauti. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa madebe mawili, moja tupu na jingine limejaa maji. Likigongwa moja na kisha la pili, hata mtoto aliyefumba macho atasema lipi lina maji. Wataalamu huitetemesha ardhi, nchi kavu kwa magari mazito yenye sahani za kutetemesha, na baharini kwa mizinga ya hewa inayokokotwa na meli. Mawimbi hushuka, hugonga matabaka ya mawe, na mwangwi wake hurudi juu ambako hupokewa na vipokeo vingi vilivyopangwa kwa mistari. Pale ambapo hewa ukaa imechukua mahali pa maji, mawimbi hupunguza mwendo na mwangwi hubadilika. Picha moja peke yake haisemi mengi. Kinachosema ni tofauti baina ya picha ya leo na ile iliyopigwa kabla hewa haijaingia, na ndiyo maana picha ya kwanza, ile ya kabla ya kazi, ina thamani kuliko zote. Asiyekuwa nayo hawezi kuirudia tena.

Wa kwanza kuifanya kazi hii kwa ukubwa walikuwa watu wa Norway, katika eneo la gesi la Sleipner, Bahari ya Kaskazini. Gesi ya hapo ina hewa ukaa yapata asilimia 9, na haiuziki mpaka imetolewa. Mwaka 1991 serikali ya nchi hiyo ilianza kutoza kodi kila tani ya hewa ukaa inayoachwa angani na mitambo ya baharini, na kodi hiyo ikafanya hesabu ya kuizika iwe na faida. Tangu Septemba 1996 ilisukumwa katika mchanga wa Utsira, kina cha mita zipatazo 1,000, karibu tani milioni moja kwa mwaka kwa miaka mingi. Picha ya kabla ya kazi ilikuwapo, ya mwaka 1994. Picha ya kwanza ya baadaye ilipigwa mwaka 1999.

Picha hiyo iliwafundisha wataalamu unyenyekevu. Ilionyesha kwamba hewa ukaa haikutuama katika fungu moja, bali ilikuwa imejipanga katika tabaka tisa, moja juu ya jingine, kila moja limekaa chini ya utando mwembamba wa udongo, mwingine unene wake wa mita moja tu. Na tayari, katika muda usiotimia miaka mitatu, sehemu yake ilikuwa imefika kileleni mwa mchanga, chini ya kifuniko. Kifuniko hakikuvuja. Lakini njia iliyopitiwa na hewa ndani ya ghala haikuwa ile iliyochorwa mezani.

Baadaye, kuanzia mwaka 2002, iliongezwa silaha ya pili: uzito. Vipande vya zege viliwekwa sakafuni mwa bahari, na juu yake ikapimwa nguvu ya uvutano wa dunia, kisha ikapimwa tena baada ya miaka. Kwa kuwa hewa ukaa ni nyepesi kuliko maji iliyoyasogeza, uvutano hupungua mahali ilipo, ingawa kwa sehemu chache tu za bilioni. Mwangwi wa sauti husema hewa iko wapi, na uvutano husaidia kusema ni nzito kiasi gani. Mashahidi wawili wasiofahamiana wakikubaliana, hakimu hulala vizuri.

Lakini somo kubwa zaidi liko Afrika, katikati ya Sahara ya Algeria, mahali paitwapo Krechba katika eneo la In Salah. Huko, shirika la taifa la Sonatrach pamoja na makampuni ya BP na Statoil, ambayo leo huitwa Equinor, walikuwa wakichimba gesi yenye hewa ukaa mpaka asilimia 10, huku soko likitaka isizidi asilimia 0.3. Badala ya kuiachia angani, tangu mwaka 2004 waliirudisha ardhini kwa visima vitatu vilivyochimbwa vikalazwa ndani ya mwamba wa mchanga. Mwamba huo una unene wa mita 20 hivi, na uko kina cha karibu kilomita 1.9. Juu yake kulikuwa na kifuniko cha mawe ya udongo chenye unene unaokaribia mita 950. Kwa hesabu ya karatasi, kifuniko cha namna hiyo kingemtosha hata mtu mwoga.

Tofauti na Sleipner, mwamba wa Krechba ni mgumu na vinyweleo vyake havipitishi kwa urahisi. Mtu akijaza maji katika gunia la mchanga hupita. Akitaka kuyapitisha katika tofali la udongo itambidi asukume. Ilibidi kusukuma, na mgandamizo ukaongezeka.

Jambo lililofuata halikuwa limetazamiwa na wengi. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Envisat ilikuwa ikipita juu ya Sahara kwa kazi zake nyingine, kimo cha kilomita zipatazo 790, ikirudi mahali pale pale kila baada ya siku 35. Rada yake hutuma mawimbi na kupokea mwangwi wake. Mwangwi wa safari mbili ukilinganishwa, huonekana kama uso wa ardhi umesogea baina ya safari hizo, hata kwa milimita. Jangwa ni mahali pazuri mno kwa kipimo hiki, kwa sababu mawe yake hayana majani, hayalimwi na hayanyeshewi. (Katika migomba ya Bukoba kipimo hicho kingesumbuka sana, kwa maana kila jani likitikisika ni kelele kwa rada, hili lafaa likumbukwe na yeyote anayetaka kuhamisha ujuzi wa Krechba kuupeleka nchi ya mvua.) Wataalamu walipozilinganisha picha za Envisat waliona kwamba ardhi juu ya visima vitatu vya kusukumia ilikuwa ikivimba, kwa kilomita kadhaa za mapana, kwa kiasi cha milimita 5 kwa mwaka. Jangwa lilikuwa likipumua, polepole kuliko ukucha unavyoota.

Kuvimba peke yake si hatari. Ni alama kwamba mgandamizo umefika huko chini. Lakini juu ya kisima kimoja, kinachoitwa KB-502, uvimbe haukuwa kichuguu kimoja. Ulikuwa na migongo miwili na bonde katikati. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni tofauti ndogo. Kwa mtaalamu ni habari nzito, kwa sababu mwamba unaojaa kwa usawa huinua kilima kimoja, ila ufa uliosimama wima, ukifunguka huko chini, husukuma ardhi pande mbili na kuacha bonde katikati. Yaani palikuwa na shaka kwamba mgandamizo ulikuwa umeufungua ufa, na kwamba ufa huo umepanda kuingia katika kifuniko.

Hali kadhalika, mwaka 2007 hewa ukaa ilionekana ikitoka katika kisima cha zamani, KB-5, kiasi cha kilomita 1.3 kutoka KB-502. Kisima hicho kilichimbwa mwaka 1980 kwa ajili ya kutafuta gesi, miaka 24 kabla mtu yeyote hajasukuma hewa ukaa hapo. Kiasi kilichotoka kilikuwa kidogo, na kisima kikazibwa. Na ilijulikanaje kwamba hewa ile ilitoka KB-502 na si kwingineko? Ni kwa sababu wataalamu walikuwa wametia katika hewa ya kila kisima kemikali ya alama, kila kisima na alama yake, kama mfugaji anavyowapiga ng'ombe wake chapa. Ng'ombe alipoonekana katika shamba la jirani, chapa ilisomwa.

Mwaka 2009 ilipigwa picha mpya ya mwangwi. Ilionyesha mstari mrefu chini ya mahali pale pale ambapo setilaiti iliona migongo miwili, ukielekea upande ule ule wa KB-5. Mashahidi watatu sasa, na ushahidi mmoja. Ufa ulikuwapo, nao ulikuwa umeingia sehemu ya chini ya kifuniko, ingawa hapakuonekana dalili kwamba umekivuka chote. Vipokeo vya mitetemo vilivyotegwa karibu na kisima mwaka huo huo vilisikia, katika muda wa miaka miwili hivi, zaidi ya mitetemo 9,000 midogo ambayo hakuna binadamu angeihisi kwa miguu yake. Mwaka 2010 mgandamizo ulipunguzwa. Juni 2011 usukumaji ulisimamishwa, zikiwa zimekwisha kuzikwa tani zipatazo milioni 3.8.

Baada ya hapo jina la In Salah limetumiwa sana katika mabishano. Wapinzani husema: tazameni, ghala limepasuka. Watetezi hujibu: tazameni, hakuna hewa iliyotoka kupitia kifuniko. Pande zote mbili zinamsahau mlinzi. Mlinzi wa usiku akipiga filimbi kabla mwizi hajavunja mlango, si haki kusema ulinzi umeshindwa, wala si haki kusema hakukuwa na mwizi. Hapo Krechba filimbi ilipigwa na ikasikiwa. Kazi iliyokuwa ya miaka mingi ilisimamishwa kwa sababu ya milimita chache za jangwa kuvimba. Ni mara ngapi, katika ofisi yoyote ya umma, taarifa ya mtaalamu mdogo imeusimamisha mradi mkubwa wenye wenyewe?

Pamoja na sifa hiyo, zipo kasoro ambazo lazima zisemwe. Picha ya mwangwi iliyotumiwa kama kipimo cha mwanzo ilikuwa ya mwaka 1997, na ilipigwa kwa ajili ya kutafuta gesi, si kwa ajili ya kuchunguza kifuniko. Kwa hiyo ulinganisho wake na ile ya 2009 ulikuwa na matatizo. Vipokeo vya mitetemo vilitegwa mwaka 2009, miaka mitano baada ya kazi kuanza. Ufa ulipokuwa ukifunguka, hapakuwa na sikio la kuusikia. Picha za setilaiti, zilizokuwa shahidi bora kuliko wote na rahisi kwa gharama kuliko picha za mwangwi, hazikuwa nguzo ya mpango tangu mwanzo. Ni bahati kwamba Envisat ilikuwa ikipita huko na kuhifadhi picha zake, na kwamba palikuwa na watu wenye udadisi wa kuzichukua na kuzisoma. Bahati ni jambo zuri, lakini haiandikwi katika makadirio ya matumizi.

Yaliyotokea baadaye kwingineko yanatia nguvu hoja hii. Huko Snøhvit, kaskazini kabisa mwa Norway, usukumaji ulianza mwaka 2008. Vipimo vya kisimani vilionyesha mgandamizo ukipanda upesi kuliko ilivyotazamiwa, na picha ya mwangwi ya mwaka 2009 ikasaidia kueleza ni kwa nini: sehemu ya mwamba iliyopokea hewa ilikuwa imefungika. Mwaka 2011 usukumaji ulihamishiwa tabaka jingine, na kazi ikaendelea.

Mfano wa Decatur, katika jimbo la Illinois, Marekani, ni wa namna nyingine na unauma zaidi. Mwaka 2024 ilijulikana wazi kwamba kisima kimoja kilikuwa kimeliwa na kutu, na kwamba maelfu ya tani za hewa ukaa na majimaji zilikuwa zimepenya kupitia hapo kuingia tabaka lisiloruhusiwa, ingawa bado chini sana ya uso wa ardhi. Idara ya mazingira ya serikali ya Marekani iliingilia kati na kutoa amri ya kurekebisha. Kisima hicho hakikuwa cha kusukumia hewa. Kilikuwa kisima cha uangalizi, kilichochimbwa ili wataalamu waone kama ghala linavuja. Kila tundu linalotobolewa katika kifuniko, hata kwa nia njema ya kuchungulia, ni tundu. Kwa sababu hiyo vipimo vinavyofanywa kutoka juu, kwa sauti, kwa uzito na kwa setilaiti, vina faida ambayo haionekani katika bei yake: havitoboi chochote.

Sasa, ndugu watumishi, lipo jambo linalowahusu ninyi hasa kuliko wahandisi. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilitoa taarifa mwaka 2005, likakadiria kwamba ghala lililochaguliwa vizuri na kuendeshwa vizuri yaelekea litahifadhi zaidi ya asilimia 99 ya hewa yake kwa miaka 1,000. Miaka elfu moja! Kampuni zilizoishi muda huo ni chache mno, na dola zilizoishi muda huo zahesabika kwa vidole. Nchi za Ulaya zilipotunga sheria yao mwaka 2009, ziliamua kwamba baada ya ghala kufungwa, na baada ya kipindi ambacho kwa kawaida hakipungui miaka 20, dhamana ya ghala huhama kutoka kwa kampuni na kuwa ya serikali, mradi dalili zote zionyeshe kwamba hewa imetulia. Kampuni hutakiwa kuacha fedha za kutosha angalau gharama za uangalizi wa miaka 30.

Kila aliyewahi kupokea ofisi anajua maana ya makabidhiano. Anayeondoka hutia sahihi, anayeingia hutia sahihi, na baada ya mwezi mmoja hugundulika kwamba funguo mbili hazina kufuli na jalada moja halionekani masijala. Hapa yanayokabidhiwa ni mamilioni ya tani za kitu kisichoonekana. Hati za makabidhiano ni picha za mwangwi, vipimo vya uvutano, orodha ya visima vyote vya zamani pamoja na jinsi kila kimoja kilivyozibwa. Ofisa atakayezipokea hatakuwa ameshuhudia hata siku moja ya usukumaji. Huenda alikuwa hajazaliwa picha ya kwanza ilipopigwa. Asipoweza kuzisoma, atatia sahihi kwa sababu waliotangulia walitia. Na kisima cha mwaka 1980 kisichokuwamo katika orodha hakitamngojea aende semina.

Hilo ndilo linaloifanya kazi hii iwe pia ya walimu. Kusoma mwangwi wa mawe si uchawi; ni hesabu ya mwendo, umbali na muda, ileile inayofundishwa sekondari, ikirudiwa mara nyingi kwa kompyuta. Nchi inayotaka kuwa na maghala ya namna hii, au ambayo siku moja itaombwa na wageni iyapokee, itahitaji vijana wake wenyewe wa kuzisoma picha hizo kabla haijahitaji visima. Kwa Tanzania haja ya In Salah bado haijabisha hodi kwa njia ileile, kwani gesi ya Songosongo ni methani kwa sehemu kubwa kabisa na haina hewa ukaa nyingi ya kutenganishwa. Lakini miamba ya nchi nyingi za Afrika itaanza kuombwa kwa ajili ya taka za wengine, na anayekuja kuomba huja na picha zake mwenyewe, zilizosomwa na watu wake mwenyewe.

Kuhusu Krechba, hewa iliyozikwa ingali huko chini, na macho yanayoitazama hayakubaki yale yale. Envisat iliacha kujibu Aprili 2012, miezi kumi tu baada ya usukumaji kusimama. Miaka miwili baadaye, Aprili 2014, Ulaya ilirusha setilaiti nyingine ya rada, Sentinel-1, nayo na wenzake waliofuata wamekuwa wakipita juu ya bara hili mara kwa mara. Picha zake hutolewa bure kwa mtu yeyote mwenye kompyuta na subira. Mwanafunzi wa jiolojia aliyeko Algiers, au Dar es Salaam, aweza kuomba leo picha za jangwa hilo, akazilinganisha, na kuona kama migongo ile miwili juu ya KB-502 inashuka au imesimama.